Farasi Amegomea Trela: Maswali na Majibu ya Wasomaji

Barua za toleo hili zimekuja na kilio kimoja: farasi anaogopa, na mwenyewe amechoka kusubiri. Tumechagua saba na kuzifupisha. Wanaotafuta dawa ya siku moja watatuwia radhi. Majibu mengi yamerudi palepale, kwenye swali la lini hasa mkono unalegeza kamba.

SWALI: Nina farasi aliyehasiwa, miaka 6, mtulivu kazini. Tatizo ni trela. Watu wawili tunamvuta mbele, wa tatu yuko nyuma na ufagio, na bado tunamaliza saa nzima. Mara ya mwisho alisimama kwa miguu ya nyuma, akajigonga utosi kwenye ukingo wa paa, akashonwa. Tangu hapo hata ubao wa kupandia haukaribii. Nifanyeje, na nitegemee muda gani?

JIBU: Ufagio uwekwe chini, na safari zote ziahirishwe mpaka zoezi likamilike. Farasi wako hana kiburi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na eneo dogo mbele ya paji na chini ya pua. Macho hayo pia huchelewa kuliko yetu kuzoea giza baada ya mwanga. Akifika mlangoni anakuta weusi, anakanyaga sakafu inayolia kama ngoma, kuta zinambana mbavu, na njia pekee ya kutokea iko nyuma, mlikomsimamisha mtu wa ufagio. Sasa ana na kidonda cha kumhakikishia kwamba aliogopa kwa haki.

Anza na trela yenyewe. Ifungwe kwenye gari lililovutwa breki ya mkono, magurudumu yawekewe vizuizi. Trela iliyosimamishwa peke yake huinuka pua farasi akikanyaga sehemu ya nyuma, na tukio hilo moja linaharibu kazi ya wiki nzima. Kizigeu cha katikati kitoe au kisogeze pembeni kabisa, na washa taa ya ndani au egesha trela jua likiingia. Wewe vaa helmeti, glavu na viatu vigumu. Kamba ya kuongozea iwe ya mita 3 hadi 4, na usiizungushe mkononi hata kidogo.

Siku za mwanzo hazihusu trela. Uwanjani, mfundishe upya maana ya kamba. Ikaze taratibu kuelekea mbele, ishike hapo bila kuongeza nguvu. Hatapiga hatua mara moja. Kwanza ataegemeza uzito mbele, utaona kifua kimesogea kabla kwato haijanyanyuka. Legeza hapohapo, ndani ya sekunde moja. Ukilegeza baada ya yeye kuinua kichwa na kusita, ulichomfundisha ni kuinua kichwa na kusita. Akivuta nyuma, usishindane naye na usiachie. Fuatana naye kwa mkazo uleule mpaka asimame, ndipo ulegeze. Fanya hivyo kwa kwenda mbele, kwa kusimama, na kwa kurudi nyuma hatua mojamoja. Akitii mara 10 mfululizo kwa mguso mwepesi tu, sogea kwenye trela.

Hapo tafuta mahali ambapo kichwa chake kinaanza kupanda. Huenda ni mita 15 kutoka kwenye ubao. Simama hatua mbili kabla ya hapo, mwache atazame, kisha mgeuze mwondoke kabla hajataka kuondoka. Ndiyo, kabla. Wengi hungoja agome ndipo wamwondoe, na farasi anajifunza kwamba kugoma kunalipa. Ukimwondoa akiwa bado ametulia, utulivu ndio unaolipwa, na safari inayofuata atakuruhusu hatua moja zaidi.

Kwenye ubao kazi ni kwato moja, rudi. Kwato mbili, rudi. Miguu ya mbele yote, rudi. Usiharakishe kuongeza. Kurudi nyuma kwa utulivu ni nusu ya somo, maana farasi asiyejua kutoka ndiye anayeingiwa na wazimu akiwa ndani. Akipanda mzima, mkune pale shingo inapokutana na mgongo, kisha mtoe. Ingia naye na utoke naye mara nyingi kabla ya kuanza kuhesabu muda: sekunde 10, 30, dakika moja, halafu dakika 5 akila nyasi kavu. Baada ya hapo ndipo mlio wa upau wa nyuma, ule unaomzuia asirudi nyuma, uanze kusikika: uguse, utikise, ufunge kwa sekunde chache, fungua. Kisha injini iwashwe gari likiwa limesimama. Kisha mita 50. Kisha mzunguko mfupi na kurudi bandani.

Mpangilio huu usivunjwe: upau wa nyuma unafungwa kwanza, ndipo farasi anafungwa kamba. Wakati wa kushusha, kamba inafunguliwa kwanza, ndipo upau. Farasi aliyefungwa kamba bila kitu nyuma yake hurudi kwa kasi, kamba inamkatiza, anarusha kichwa juu, na paa liko pale pale.

Muda? Dakika 15 kwa kipindi, kila siku au kila baada ya siku moja. Kwa farasi aliyewahi kuumia, hesabu wiki kadhaa. Kosa tunaloliona zaidi ni la siku ile anapoingia kwa mara ya kwanza: watu wanashangilia, wanabamiza upau na kuondoka naye. Ujanja huo hufanya kazi mara moja tu. Dawa ya usingizi ni uamuzi wa daktari wa mifugo peke yake, kwa dharura. Humpunguzia farasi uwezo wa kujisawazisha gari likikata kona, na anachojifunza akiwa amelewa mara nyingi hakibaki.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nampa farasi wangu karoti kila anapofanya vizuri. Siku hizi ananusa mifuko yangu na juzi aling'ata koti. Niache kumpa?

JIBU: Marahaba. Usiache, badilisha utaratibu. Simama begani mwake na ngoja ageuze pua kuelekea mbele, mbali nawe. Wakati huohuo tamka neno moja fupi lisilobadilika, kisha mpe kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwenye kiganja kilichonyooka, ukipeleka mkono mbali na mwili wako ili yeye asiufuate mfuko. Kata karoti kwa urefu, kwa sababu kipande cha duara kinaweza kumkaba. Akigusa mfuko, chakula hakitoki. Usimpige pua, maana atageuza mchezo huo kuwa wa kung'ata na kukwepa. Siku mbili tatu za kwanza atazidi usumbufu kabla ya kupunguza. Hapo ndipo wengi hulegea na kumpa, na tabia inakuwa sugu.

SWALI: Nina dume kijana, ametimiza miaka miwili na nusu, mwili mkubwa. Jirani anasema mwezi mmoja unatosha kumvunja, yaani kumtiisha, na kumpanda. Ni kweli? Nianze na nini?

JIBU: Mwezi mmoja unatosha kumfanya akubali kupandwa. Kukubali huko kunaweza kuwa kwa kuchoka, na ndiyo maana farasi wengi "waliovunjwa" kwa mwezi huanza kurusha mateke mwezi wa sita tangu hapo, wakishapata nguvu.

Mwili mkubwa usikudanganye. Mifupa ya farasi hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Miguu ya chini hutangulia, goti hufuata karibu na umri wa miaka miwili na nusu, na uti wa mgongo, ambao ndio unaobeba tandiko, ni wa mwisho: miaka mitano na kuendelea. Mdomoni nako kuna ujenzi. Kati ya miaka miwili na nusu na mitano anabadilisha meno 24 ya utoto, na wengine wana vijino vidogo vya ziada mbele ya magego, mahali lijamu inapopita. Kabla ya chuma chochote kuingia mdomoni, daktari akague. Farasi anayerusha kichwa kwa sababu ya jino huitwa mkaidi, anachapwa, na jino liko palepale.

Mwaka huu mfanyie kazi ukiwa chini. Ajifunze kuongozwa, kusimama peke yake, kuguswa mwili mzima, kurudi nyuma, kuhamisha makalio kulia na kushoto kwa mguso wa kidole ubavuni. Huo mguso wa kidole baadaye utakuwa mguso wa mguu wako ukiwa juu. Vipindi vya dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa wiki. Si lazima kila siku. Farasi hasahau kwa mapumziko ya siku mbili, na mara nyingi hurudi akiwa mwepesi zaidi.

Tandiko lina hatua zake. Anza na kitambaa kilichokunjwa: kiweke mgongoni, kiondoe, mara nyingi, pande zote mbili, mpaka asikijali tena. Kisha tandiko jepesi, vikuku vya kukanyagia vimetolewa ili visimgonge mbavu. Mkanda wa tumbo ndio unaozua vurugu. Ukaze kiasi cha kuzuia tandiko lisipinduke, basi. Mtembeze hatua 10 apumue, kaza tundu moja. Hatua 10 nyingine, tundu moja. Ukikaza tundu nne kwa mkupuo akiwa amesimama, hatua ya kwanza anayopiga inambana kifua ghafla, naye ataruka kujinasua. Akiruka mara moja na tandiko likapinduka chini ya tumbo, andika miezi mingine.

Kumpanda kwa mara ya kwanza kusubiri angalau miaka mitatu na nusu hadi minne, kwa kutembea tu, dakika chache. Hapo napo usiketi mara moja. Ruka kidogo kando yake kwenye jukwaa la kupandia, egemea kwa mikono, lala kwa tumbo juu ya tandiko sekunde tano, shuka. Mtu wa pili ashike kamba na awe upande uleule uliopo wewe, ili farasi akishtuka apate upande mtupu wa kukimbilia. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi mzima aliyekomaa. Kwa farasi wa kilo 400, hiyo ni kilo 80. Kwa kijana, chini ya hapo, karibu na asilimia 15.

SWALI: Farasi jike wangu hushtukia chochote kinachopepea. Rafiki kanishauri nimfunge kwenye nguzo, nitundike turubai karibu naye mpaka azoee. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Hapana. Farasi akiogopa hukimbia. Ukimfunga umemwachia mambo mawili tu, kujikata shingo kwenye kamba au kukata tamaa. Wanaosifu njia hiyo humaanisha lile la pili. Farasi anasimama kimya, watu wanasema amezoea, wakati moyo wake unadunda kuliko alipokuwa anaruka. Farasi aliyetulia kweli ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Weka vidole viwili chini ya taya, kwenye mshipa unaopita ukingo wa mfupa, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 70 kwa farasi aliyesimama bila kazi, huyo hajazoea.

Jifunze pia kumsoma. Wasiwasi huanza mdomoni na puani kabla ya miguu: midomo inakazana, kidevu kinakuwa kigumu kama kimevutwa, mikunjo inatokea juu ya jicho, tundu za pua zinafunguka na pumzi inakuwa fupi. Mkia unabana makalio. Ukisubiri weupe wa jicho na kichwa juu, umeshachelewa. Kutulia nako kunaonekana: anapepesa macho, shingo inashuka usawa wa mabega, anatoa pumzi ndefu, mguu mmoja wa nyuma unapumzika. Kulamba na kutafuna bila chakula watu hukusherehekea mno. Mara nyingi hutokea wasiwasi unaposhuka, kwa hiyo hukuambia pia kwamba kulikuwa na wasiwasi. Akilamba kila baada ya dakika moja, unamsukuma kupita kiasi.

Zoezi lenyewe ni la watu wawili. Mmoja ashike turubai iliyokunjwa ndogo kama kitabu, atembee mbele akiiondoa. Wewe na farasi mfuate nyuma kwa umbali ambao yeye bado anaweza kushusha shingo, tuseme mita 10. Kitu kinachomkimbia farasi hakitishi kama kinachomjia, na baada ya mizunguko kadhaa udadisi unamzidi, anataka kukinusa. Mwache akinuse, mwondoe. Kipindi kinachofuata punguza umbali. Kinachofuata funua mkunjo mmoja. Umbali na ukubwa visibadilike siku moja. Upepo ukiwepo rudi hatua nzima nyuma, kwa sababu mlio wa turubai kwake ni jambo jipya hata kama umbo amelizoea.

Ikija kwenye kumgusa, anza begani, telezesha, ondoa wakati amesimama. Ukiondoa wakati anasogea, umemwambia kusogea ndiko kunakofukuza turubai. Rudia kila kitu upande wa kulia. Wengi wanaamini upande mmoja wa ubongo wa farasi haujui kilichoonwa na jicho la upande wa pili. Si kweli, habari zinapita. Ila kitu kinavyoonekana kikiwa kulia hakifanani na kilivyoonekana kushoto, nasi watu tumezoea kumshughulikia farasi kushoto, kwa hiyo kulia kwake kuna mazoezi machache.

SWALI: Nilianguka miezi mitatu iliyopita, mkono ukavunjika, umepona. Farasi ni yuleyule, mzee wa miaka 14. Saisi wangu (mtunza farasi) akimpanda anatulia. Nikimpanda mimi anashtukia hata ndoo. Ananidharau?

JIBU: Hakudharau, anakusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mjini Berlin alikuwepo farasi aliyeitwa Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu. Alikuwa anaona mabadiliko madogo sana ya kichwa na mwili wa muulizaji pale idadi ya kugonga ilipofika, mabadiliko ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Sweden uliwaambia wapandaji na waongozaji kwamba mwavuli ungefunguliwa farasi akipita. Haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi wao yakapanda pia. Wewe ukiiona ndoo mita 20 mbele, unashika pumzi, mapaja yanabana, vigwe (kamba za kumwongozea) vinakuwa vifupi. Farasi hajui umeogopa kuanguka. Anajua tu kwamba aliye juu yake ameona hatari upande ule.

Kabla ya yote, jiulize kwa nini ulianguka. Kama alirusha mateke, mgongo, meno na tandiko vikaguliwe. Farasi wa miaka 14 ana haki ya kuumwa. Helmeti uliyoanguka nayo itupe hata kama haina ufa, kwa sababu povu lake la ndani hukandamizwa mara moja tu.

Kisha tengeneza ngazi yako mwenyewe, na hofu yako uipe alama kutoka 0 hadi 10. Kumpiga brashi, kumwongoza kupita ndoo, kusimama juu ya jukwaa la kupandia bila kupanda, kuketi juu saisi akiwa ameshika kamba, kutembea kwenye kamba, kutembea bila kamba, na kuendelea. Fanya kazi kwenye ngazi unayoipa alama 3 au 4. Ikifika 1, panda ngazi. Ikifika 6, shuka, na kushuka huko si kushindwa. Mwili unaofundishwa ukiwa kwenye 8 unakariri 8.

Ukiwa juu, vuta pumzi ukihesabu 4, toa ukihesabu 6. Hesabu kwa sauti au imba; huwezi kuimba huku umeshika pumzi. Macho yapeleke mbali, juu ya masikio yake. Jifunze pia kumsimamisha kwa kigwe kimoja: telezesha mkono mmoja kushuka kwenye kigwe, mlete pua kuelekea goti lako taratibu, wakati huohuo mguu wako wa upande huo usogeze makalio yake pembeni, legeza akisimama. Jizoeze akiwa anatembea, mpaka mkono ufanye wenyewe. Usiijaribu kwa mara ya kwanza akiwa ameshapiga shoti, maana kumkunja ghafla kwa kasi ile kunaweza kumwangusha pamoja nawe. Mpandaji anayejua ana breki hushika vigwe vyepesi zaidi, na farasi anahisi.

Saisi naye aendelee kumpanda mara moja mbili kwa wiki. Hakuna aibu. Farasi anahitaji kumbukumbu za kutulia hata wewe ukiwa bado unajenga zako.

SWALI: Fundi wa kwato amekataa kuja tena kwa sababu farasi wangu, akishikwa miguu ya nyuma, huinyang'anya na kupiga teke. Tufanyeje?

JIBU: Fundi yuko sahihi. Kumfundisha farasi si kazi yake, na kwato zinahitaji kukatwa kila wiki 6 hadi 8, kwa hiyo una muda mfupi. Daktari aangalie kwanza magoti ya nyuma na nyonga, maana farasi mwenye maumivu hawezi kusimama kwa miguu mitatu hata akitaka.

Usianze na mkono. Chukua fimbo ya mita moja, vika glavu iliyojazwa vitambaa kwenye ncha, simama usawa wa bega lake ukiangalia nyuma. Anzia mgongoni, telezesha glavu hadi kwenye paja, kisha chini. Akipiga teke, glavu ibaki pale ilipogusa, kwa mguso uleule, mpaka mguu utue. Sekunde unapotua, ondoa. Ukishindwa kuibakiza, ulianza chini mno, rudi pajani. Akiiruhusu glavu mpaka kwenye kifundo, ndipo mkono wako ufuate njia ileile, mkono wa pili ukiwa umekaa nyongani kwake ili uhisi msuli ukikaza kabla ya teke.

Kunyanyua, bana kidogo nyuma ya kifundo na ngoja ahamishie uzito mguu mwingine. Mguu ukiwa mwepesi, unyanyue sentimita 5 tu, uushushe wewe mwenyewe kabla hajauomba. Sekunde moja, tatu, 10. Usiuvute kwenda pembeni mbali na mwili wake. Watu warefu hufanya hivyo ili wasiiname, nyonga inapindika, naye ananyang'anya. Mwisho gonga kwato kwa mpini wa kikwangulio, kwanza polepole, kisha kwa mdundo wa nyundo. Fundi akija, aanze na mguu ambao farasi anautoa vizuri zaidi, na akae nao kwa muda mfupi.

SWALI: Wiki tano farasi wangu alivuka kidaraja bila shida. Jumatatu amekataa kabisa, kama hajawahi kukiona. Kazi yote imepotea?

JIBU: Haijapotea. Hofu ya zamani haifutiki, hufunikwa na kumbukumbu mpya, na ikipata nafasi huchungulia: baada ya mapumziko marefu, siku ya upepo, mwenzake akiwa hayupo, maji yakiwa yamejaa chini ya mbao. Usimlazimishe avuke "ili asishinde". Rudi hatua mbili katika ngazi yako ya mafunzo, simama pale anapoweza kushusha shingo, geuka kabla hajagoma, na uendelee kama mlivyofanya wiki ya kwanza. Kwa kawaida safari hii huenda haraka zaidi kuliko ile.

Angalia pia kilichobadilika: tandiko jipya, lijamu mpya, chakula cha nafaka kilichoongezwa huku kazi imepungua, kwato zilizokatwa juzi zikawa na uchungu kwenye mbao ngumu. Na mjaribu akivuka kutoka upande wa pili. Akikubali akitokea kaskazini na kukataa akitokea kusini, au kama siku hizi anashtukia vitu vya upande mmoja tu, funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, uone anavyoitika. Jicho lililoanza kuugua humfanya farasi mtulivu aonekane mwoga, na hilo ni la daktari kulitazama wiki hiihii.